Sista na Maajenti Wake

Kibarani nzima, kule Kilifi, ilimwita Sista. Mimi niliyekaa naye ukuta kwa ukuta, tukaazimana chumvi, kinu na kibatari, nililijua jina lake la kuzaliwa, lakini halikuwahi kunijia mdomoni. Hata mume wangu, aliyekuwa karani wa mahakama na aliyependa kumtaja kila mtu kwa jina lake na la babake, alipofika kwa jirani yetu huyu alisema Sista akaishia hapo.

Alikuwa mkunga wa hospitalini, mtu wa bara, mrefu, mwenye mikono mipana na kucha alizozikata hadi nyamani. Alitembea kama mtu anayeitwa. Ukimuuliza kwao ni wapi, alisema "huko juu kwa baridi," kisha akakuuliza habari za watoto. Hakuwa na mume, na wanawake wa mtaani walipomchokoza kwa hilo, alijibu kwamba aliolewa zamani na zamu ya usiku, na mume huyo hataki mke mwenza.

Kiswahili chake kilituchekesha. Sisi watu wa huku mnyama ni kiumbe, ana heshima yake katika maneno. Yeye alisema "hii sungura imekula," "hii sungura iko na mimba." Mimi nilimsahihisha kila mara.

"Sista, si hii. Ni huyu. Sungura huyu amekula."

"Siku itanisalimia, nitaiita huyu."

Lakini asubuhi, akidhani bado nimelala, nilimsikia ng'ambo ya ukuta akiwapitia mmoja mmoja kama anapita vitandani: "Wewe mama, umelala vizuri? Watoto wananyonya? Haya, nionyeshe." Na sauti hiyo ilikuwa laini kuliko ile tuliyoijua wodini.

Maana wodini alikuwa mkali, na hilo sitalificha. Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa mikononi mwake, na katikati ya uchungu, nikimwita mamangu na kila nabii niliyemjua, aliinama akaniambia sikioni: "Wewe mama, kelele haisukumi mtoto. Uko na nguvu kidogo imebaki. Usiitoe kwa mdomo." Nilimchukia. Zuhura alipotoka, Sista huyo huyo alichota maji ya moto akaniosha mwenyewe, miguu hadi vidole, kazi ambayo haikuwa yake, na jioni akaniletea chupa ya chai ya tangawizi kutoka nyumbani kwake. Nilipotaka kumshukuru aliniambia ninywe kabla haijapoa. Baada ya Zuhura alinizalisha wengine wawili, na kila mara nilimchukia upya na kumpenda upya.

Sungura hao aliachiwa na daktari mgeni aliyemaliza mkataba wake. Walikuwa wawili, dume na jike, na sote tulitoka kuwatazama walipoletwa katika kikapu. Mimi sungura niliowajua ni wale wa kahawia na weupe wa kuuzwa sokoni. Hawa walikuwa rangi ya fedha. Si kijivu, si nyeupe: fedha, kama bangili ya zamani iliyovaliwa hadi ikang'aa, na pua na masikio yenye giza kidogo. Ukipuliza manyoya, yaligawanyika kama ua, na chini yake ukaona rangi nyingine kabisa, samawati nzito kama moshi wa kuni mbichi. Rangi hiyo ndiyo iliyokuwa thamani yao. Nyama yao ilikuwa nyama tu.

Jina lao la Kizungu lilikuwa refu, linaanza na "ajenti" na kuishia na aina ya pombe ya matajiri. Mume wangu alikataa kabisa kulitamka lile la mwisho ndani ya nyumba yake, kwa hiyo tukabaki na la kwanza. Mtaa mzima ukawaita Maajenti. Mgeni aliyesikia "Maajenti wa Sista wamezaa" aliona tumerukwa na akili.

Na walipozaa mara ya kwanza, watu walicheka kwa sababu nyingine. Watoto walitoka weusi. Si weusi kidogo, ni weusi wa makaa, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Habari ilifika kisimani kabla ya saa nne. Sista kapigwa changa la macho! Mzungu kampaka sungura wake rangi, akamwachia, akapanda ndege! Wapo waliokuja na chupa za maji wakitaka kumsugua yule jike waone kama atachuja.

Sista hakujibizana na mtu. Daktari alikuwa amemweleza, lakini nadhani hata yeye moyo ulimdunda. Nilimwona akiwainua wale weusi kila jioni, akiwageuza tumbo, akiwapuliza, akiwarudisha. Basi walipokaribia umri wa miezi miwili aliniita kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. Nilidhani nyoka. Nikakimbia na mchi mkononi. Alikuwa amepiga magoti, kitoto cha sungura kifuani, na ubavuni pa kile kitoto kulikuwa na nywele chache nyeupe, kama mtu aliyepitiwa na unga.

"Inaanza," alisema. "Mama Zuhura, tazama. Inaanza."

Tangu siku hiyo na mimi nikawa nangoja. Kila uzao mpya ulitoka mweusi, ukaanza kunyunyiziwa nyeupe, mbavuni, mgongoni, mwisho kichwani, hadi mnyama akawa wa fedha mtupu. Watu waliokuja kucheka walirudi kutazama. Wengine walileta wageni wao. Furaha ya Sista ilikuwa vizimba vinne vilivyosimama kwenye miguu mirefu chini ya paa la makuti, na magunia mabichi yaliyoning'inizwa pande zote ili upepo upite ukiwa baridi.

Joto ndilo lililokuwa adui yake mkubwa. Sungura wa aina ile si wa pwani. Miezi ya kaskazi madume huchoka hata uzazi hukatika, na majike hulala ubavuni wakihema. Sista alikuja mbio kutoka hospitalini wakati wa chakula cha mchana, si kula, bali kulowesha magunia. Akiwa kwenye zamu ndefu nililowesha mimi. Adui wa pili walikuwa siafu. Miguu ya vizimba aliisimamisha ndani ya makopo ya oili chafu ili siafu wasipande, lakini mvua moja kubwa ilijaza makopo maji, oili ikamwagika, na alfajiri tulikuta uzao mzima umekwisha na mama mtu amekufa juu yao. Alikuwa amejinyofoa manyoya yote ya kifua kuwafunika.

Sista hakulia. Alichemsha maji, akakiosha kizimba kwa brashi na sabuni kila pembe, akavaa sare yake akaenda kazini. Nilimsema sana moyoni. Nikasema mtu huyu ana jiwe mahali pa moyo. Jioni nilimkuta bado amekaa kwenye ngazi na sare, kofia mapajani, hajawasha taa wala jiko. Nikakaa naye.

Kulikuwa na jambo moja kwake lililonisumbua, nalo ni jinsi alivyowachagua. Si kila mtoto aligeuka fedha safi. Mwingine alibaki na unyayo mweupe, mwingine akatoka na rangi ya kutu ubavuni, kahawia hafifu ambayo mimi mwanzoni sikuiona kabisa. Yeye aliiona kutoka mlangoni. Hao hawakupewa nafasi ya kuzaa. Walinenepeshwa wakachinjwa, na aliwachinja bila kupepesa. Mara ya kwanza aliniletea bakuli la nyama, mume wangu akauliza nani kachinja, na nikalazimika kulirudisha kwa aibu. Sista hakukasirika. Tangu siku hiyo akawa akimwita mzee mmoja wa msikitini kuja kuchinja, na yeye akisimama pembeni amejifunga leso kichwani kwa heshima, ili bakuli liweze kuvuka ukuta.

Nilimuuliza kwa nini asiwaachie nao waishi, maana walikuwa wazuri.

"Wazuri, ndiyo. Lakini nikiacha hii yenye kutu izae, baadaye nitakuwa na sungura tu. Si Maajenti."

Aliwapeleka mara moja kwenye maonyesho ya kilimo Mombasa. Jike lake bora alilibeba kapuni mapajani, yeye mwenyewe amevaa sare yake ya hospitali na viatu vilivyopigwa rangi, kwa sababu alisema hana nguo nyingine ya maana. Mwamuzi, kwa maelezo yake, alipuliza manyoya mgongoni, akapuliza kiunoni, akamwita mwenzake naye akapuliza. Alirudi na utepe mwekundu. Sisi tulidhani atautundika sebuleni. Aliutundika juu ya jiko la mafuta ya taa, ukawa mweusi kwa moshi, na kila alipokoroga ugali aliutazama.

Sasa nifike pale ambapo mambo yaligeuka.

Msimamizi wa bustani wa hoteli moja ya Malindi alisikia habari za Maajenti akaja kutaka jozi. Alitaka kuwaweka mahali watoto wa wageni watawaona. Sista alifurahi, maana alikuwa hauzi kwa mtu ambaye atawapika. Alimkagua yule bwana kama anavyokagua mzazi: una kivuli? Una mtu wa kulowesha magunia? Majani utawapa ya nini? Mimi nilikuwa pale, mtoto wangu wa mwisho mgongoni, hajaachishwa ziwa. Sista aliingiza mkono kizimbani, akatoa dume, akatoa jike. Akamkabidhi yule bwana jike.

Nilimwona wazi. Ubavu wote wa kushoto ulikuwa na kutu, si kidogo, ni kutu ambayo hata mimi niliiona kutoka pale nilipokuwa.

"Sista," nikasema, "huyo ana kutu."

Alimchukua jike kutoka kwa yule bwana, akatoka naye nje ya kivuli, akasimama juani. Akapuliza manyoya. Akamgeuza, akapuliza tena. Akamwinua hadi karibu na uso wake, jua la saa sita likimwangaza, akapuliza mara ya tatu polepole. Kisha akamrudisha kizimbani, akafunga kijiti cha mlango kwa kukipapasa.

"Leo sina sungura ya kuuza," alimwambia yule bwana. "Samahani kwa safari."

Nilidhani ameudhika kwa kumsemea mbele ya mgeni. Kesho yake hakwenda kazini. Wala kesho kutwa. Metroni wake wa hospitalini alikuja, mama mnene mpole, akakaa ndani muda mrefu akatoka amekunja uso. Akaja tena. Halafu ikajulikana kwamba Sista ameacha kazi, na hataki kusema kwa nini.

Mtaa haukuweza kukaa bila sababu, basi ukajitafutia. Kwenye mashine ya kusagia nilisikia kwamba amefukuzwa. Wiki iliyofuata nikasikia ameiba dawa. Baadaye dawa hizo zikapata mnunuzi, na mnunuzi akapata duka. Wanawake waliomkimbilia saa yoyote watoto wao wakiugua walianza kumsalimia kwa mbali. Majani ya viazi aliyokuwa akiletewa mlangoni kwa ajili ya sungura yakaacha kuja. Mume wangu aliniuliza, na yeye si mtu wa maneno: "Wewe unamjua. Ni kweli?" Nikasema si kweli. Akaniuliza basi ni nini.

Nilimwendea alasiri moja na sahani ya mahamri. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amesimama mezani akijimiminia chai, na kidole chake cha shahada kilikuwa ndani ya kikombe. Chai ilipofika kidoleni ndipo aliposimamisha birika.

"Sista, macho yako yana nini?"

"Chai iko moto tu."

"Sikuuliza chai."

Aliketi. Alinitafutia kiti kwa mkono, akakivuta.

"Tangu mvua za mwaka jana," alisema. "Naona kama niko ndani ya chandarua. Halafu pembeni kukaanza kufungwa, kidogo kidogo. Nilisema ni uzee, nikanunua miwani sokoni. Kazi ya kuzalisha sana sana ni mikono, Mama Zuhura. Mtu anaweza kujidanganya kwa muda mrefu."

"Na hospitalini hawakujua?"

"Mimi mwenyewe sikujua. Mpaka uliposema kutu." Alinyoosha kiganja juu ya meza kama anakunjua kitambaa. "Nilipuliza hiyo manyoya kwa jua, nikaona kijivu. Nikapuliza tena, kijivu. Nikasema, kama sioni kutu ya sungura saa sita mchana, ni nini kingine sijaona huko wodini?"

Alikuwa amekwenda kimya kimya kwa daktari wa macho Mombasa. Presha ya macho, aliambiwa. Amechelewa. Iliyobaki inaweza kulindwa kwa muda, iliyokwenda imekwenda.

Nikamwambia aseme basi. Watu wanamwita mwizi, na neno moja tu litamsafisha.

"Wacha waseme mwizi. Dawa ziko kwa kabati, zitahesabiwa zitapatikana zote, na maneno yataisha. Lakini wakisikia mkunga alikuwa haoni, kila mama aliyezaa kwangu mwaka huu atamvua mtoto wake nguo amtafute kasoro. Mtoto mwenye kigugumizi, mwenye mguu mbaya, mwenye kuchelewa kutembea, wote watakuwa wa macho yangu. Hao watoto watakua wakiambiwa hivyo. Hapana."

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Wewe mwenyewe unawafikiriaje?"

Aligusa paji la uso wake. "Mimi nawavua nguo hapa. Kila siku. Mmoja mmoja."

Mtoto wangu alikuwa mgongoni. Naye alizaliwa mwaka ule. Nilipoinuka kwenda, Sista alimshika mguu, akauminya kidogo, akauachia.

Nilitunza siri yake, na mume wangu nilimwambia tu kwamba nimeulizia na Sista hajamwibia mtu. Miezi iliyofuata nilikuwa macho yake kwa sungura. Alinifundisha kuangalia. Mimi sikuwa na maneno ya rangi kama yake, nikatumia niliyokuwa nayo. Nilimwambia huyu ni kama mgongo wa dagaa, huyu kama jivu la mkoko, huyu ana kitu kama chai ya maziwa pale shingoni, naye alikuwa akifumba macho na kusikiliza, na kusema aah, huyo wa dagaa mwache, huyo wa chai mtoe. Uzao mmoja tuliulea hivyo kutoka weusi hadi fedha, na nadhani ulikuwa mzuri kuliko wote. Hakuuona hata mmoja wao.

Kisha mume wangu akahamishiwa Malindi. Serikali haiulizi jirani. Nilipompa Sista habari alisema Malindi kuna upepo mzuri. Sikumwona tena hadi siku moja kabla ya kuondoka, na nilipopita ukutani nilikuta vizimba vyote viko wazi. Maajenti walikuwa wanarukaruka uani, na katikati yao lilikuwapo dume la kahawia la sokoni, limenenepa, linanusa kila mahali.

"Sista, umefanya nini?"

"Nimelinunua Kakuyuni, kwa mama mmoja. Dume la nguvu. Hata joto haliogopi."

"Lakini rangi itapotea."

"Itapotea," alisema. "Mimi nitajuaje?"

Nilirudi kumtazama mwaka uliofuata, safari ya mazishi ya shangazi yangu. Ua ulikuwa umejaa. Weupe, kahawia, wenye mabaka, mmoja mweusi mwenye sikio jeupe. Wa fedha sikumwona. Sista alikuwa ameketi chini kwenye mkeka na uzao mpya kwenye kanga mapajani.

"Wako rangi gani?" aliniuliza.

"Kila rangi."

"Wote wananyonya?"

"Wote."

"Basi," alisema, na akawafunika.

Mara ya mwisho kukutana naye ilikuwa kwenye feri ya Kilifi. Miaka ya themanini ilikuwa inakaribia mwisho, daraja bado halijakamilika, na anayetoka Malindi kwenda Mombasa alilazimika kushuka basini akavuka kwa miguu na magari yakafuata. Foleni ilikuwa ndefu. Nilimwona chini ya kibanda cha muuza korosho, amevaa koti zito la bara katika joto lile, fimbo mkononi, na kando yake mwanamume aliyefanana naye akilinda sanduku. Alikuwa kaka yake, amekuja kumchukua.

"Sista!" nikamwita.

Aligeuza uso, akasikiliza. "Mama Zuhura. Umenenepa. Nasikia kwa kiatu."

Tulicheka, tukashikana. Akaniambia anarudi kwao, macho yote mawili yameisha, na kaka yake amesema mtu hawezi kuzeeka na sungura. Papo hapo mama mmoja wa Kigiriama aliyekuwa katika basi letu alikuja mbio kutoka kwenye foleni, amemshika binti mdogo.

"Sista! Umesema Sista? Ni yule mkunga?" Akapiga goti nusu. "Mimi wa Kakuyuni, Sista. Hunikumbuki. Nilikuja kwa dada yangu Kibarani, uchungu ukanishikia huko. Ulinizalishia huyu. Sidi, msalimie bibi."

"Shikamoo," Sidi akasema, akatoa mkono wa kushoto.

Sista aliupokea. Niliona uso wake ukibadilika. Mkono wa kushoto hautolewi kwa salamu, na yeye alijua mtoto wa huku hawezi kukosa adabu hiyo. Aliuacha, akatafuta wa kulia, akaupata. Ulikuwa unaning'inia, umegeuka ndani, mwembamba kuliko mwenzake. Aliupanda kwa vidole polepole, kiwiko, juu, hadi begani, akaviacha vidole pale.

"Alizaliwa mwaka gani?" aliuliza.

Mama akamwambia. Mimi nilijua kabla hajasema.

Watu walikuwa wengi pale, na wengine walikuwa wa Kibarani, kwa maana niliwasikia wakinong'ona ndiye yule, yule wa dawa. Sista aliwasikia pia. Alisimama wima kabisa.

"Mama," alisema kwa sauti ya wodini, ile ya kufika kitanda cha mwisho, "nisamehe. Mwaka huo macho yangu yalikuwa yanakufa na mimi bado nazalisha. Niliacha kazi nilipojua, lakini nilikuwa nimechelewa kujua. Huu mkono ulivutwa. Mimi ndiye nilivuta."

Kaka yake aliangalia chini. Yule mama alimtazama Sista, akanitazama mimi, kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha asiyoijua.

"Ulivuta, ndiyo," alisema. "Mtoto alikuwa amekwama mabega, kichwa nje, amekuwa wa samawati. Uliniambia mwenyewe, mama, nitamvuta, ataumia, lakini atalia. Macho yako? Sista, macho ulikuwa umeyafumba. Nilikuona. Ulifumba macho, ukaingiza mkono, ukavuta. Nilidhani unaomba."

Sista aliketi juu ya sanduku, akamvuta Sidi katikati ya magoti yake, akaushika ule mkono mbovu kwa mikono yake miwili.

"Huwa mnaunyoosha?"

"Nani angetuonyesha, Sista?"

"Tazama basi. Kila asubuhi, akishaamka. Unashika hapa, si hapa. Unapandisha mpaka pale anakataa, hapo unangoja. Usimlazimishe. Sasa unashusha. Fanya wewe, nisikie."

Mama alifanya. Sista aliweka vidole vyake juu ya vya yule mama, akavisogeza kidogo, akasema tena. Feri ilikuwa imefika, mlango wa chuma umeangukia zege, na watu walianza kumiminika. Kaka yake alinyanyua sanduku kwa mpini mmoja. Utingo wa basi letu alipiga mluzi, akatuita, akatuita tena kwa hasira.

"Ngoja!" Sista alimpigia kelele bila kugeuka. "Kuna mtoto hapa."

Akauinua mkono wa Sidi mara nyingine. Ulifika usawa wa bega, ukatetemeka, ukasimama hapo. Feri ikajaa, ikapiga honi, ikaondoka, na sisi tukabaki upande ule ule, tukiutazama ule mkono.